Viatu vya Mama Mlangoni mwa Kampa

Mama yangu alikuwa na sheria moja ambayo hata malaika akija angeifuata: nyumbani kwake hakuna anayeingia na viatu. Tulikaa Glenwood, mtaa wa Durban, chumba kimoja katika nyumba iliyojaa wanafunzi, pazia katikati, na bado viatu vyetu vililala nje kwenye korido. Viliibiwa mara mbili. Sheria haikubadilika.

Basi asubuhi ile papa, yaani baba yangu, alipoegesha kampa mbele ya geti, balaa lilikuwa limeshaanza, ila hatukulijua.

Kampa ni gari la kulala ndani: mbele usukani, nyuma vitanda, jiko la gesi, meza, na choo ambacho papa akiingia hawezi kugeuka. Si letu, wee! Papa alikuwa fundi kwenye yadi moja ya Pinetown wanakotengeneza magari hayo, na bosi wake alitaka hili lifikishwe Johannesburg kwa mwenyewe. Papa aliomba alipeleke yeye, pamoja na sisi. Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Kombe la Dunia kuchezwa huku. Kwenye kabati la kampa tulikuta vuvuzela, lile tarumbeta la mashabiki, na mdogo wangu wa miaka sita akaipuliza mpaka papa akatishia kuitupa dirishani.

Hatukuwa tunaenda kutembea. Yaya, dada mkubwa wa mama, alikuwa ametolewa kambi ya wakimbizi Malawi, ameletwa Johannesburg, na usiku huo anapanda ndege kwenda Kanada moja kwa moja. Saa kumi na moja jioni angeingia ndani, kule ambako wasindikizaji hawapiti. Vita ya kwetu iliwatawanya, na miaka kumi na mmoja walikuwa wanasikiana kwa simu tu. Tukichelewa, basi tena.

Mama alipika siku mbili. Sombe, yaani kisamvu, samaki wa kukaanga, ndizi. "Siendi kwa yaya mikono mitupu," alisema. Lakini kilichomnyima usingizi ni viatu. Utotoni wao wawili walikuwa na jozi moja ya viatu vya kanisani. Yaya alivivaa misa ya kwanza, mama akamsubiri njia panda miguu mitupu. Yaya akifika alivua, akasema, "Haya, zamu yako," na mama akavivaa akakimbilia misa ya pili. Sasa alikuwa amejinunulia viatu vyeusi vyenye kisigino, vya kwanza vipya tangu tufike Durban. "Leo yaya ataniona na viatu vyangu mwenyewe," alisema, mara nyingi mpaka nikachoka.

"Pandeni," papa akasema pale getini.

"Viatu!" mama akasema.

"Mama watoto, hii ni gari."

"Iko na kitanda?"

"Iko."

"Iko na jiko?"

"Iko, lakini..."

"Basi ni nyumba. Vua."

Papa akavua. Mama akavitia viatu vyote kwenye beseni nyuma ya mlango, na fundi mzima akapanda milima ya Natal na soksi.

Safari yenyewe ilikuwa kichekesho. Kila kona mlango wa friji ulifunguka, na mama, ambaye alikuwa anafagia huku gari linakwenda, aliufunga kwa makalio. Kwenye miinuko malori yalitupita, tena yenye mzigo. Papa aliliongelesha gari kwa Kifaransa, lugha anayoitumia akiwa na hofu.

Baada ya mji wa Mooi River tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Tukavaa, tukashuka, tukaenda chooni, tukarudi. Na mazoea yana taabu: kila mmoja alivua chini ya ngazi, nje, kama kwenye korido yetu. Mama akavipanga jozi nne, vikubwa mpaka vidogo, visigino ukutani, yaani kwenye tairi. Alitaka kuviingiza. Kweli alitaka. Lakini wakati huo huo mwanamume mmoja akapiga hodi.

Alikuwa dereva wa lori, Mtanzania, amesikia mama akitugombeza kwa Kiswahili. Mtu akishapiga hodi mama hana namna, lazima aseme karibu. Mgeni akavua buti zake akaingia. Papa akatazama saa. Mama akapakua sombe. Papa akatazama saa tena, na mama akamwongezea mgeni samaki.

"Ukifika Durban upite nyumbani," mama alimwambia, akampa namba ya simu. Mgeni akashukuru, akavaa buti zake, akarudi kwenye lori kulala. Papa, amenuna, akapita kutoka mezani hadi usukanini bila kukanyaga nje, akawasha gari tukaondoka.

Simu ililia tumeshapita Harrismith.

"Mama, shikamoo," dereva akasema. "Nimeamka nikakuta hapa jozi nne za viatu, zimepangwa vizuri sana. Watu wamezizunguka. Mmoja anasema mmenyakuliwa mbinguni."

Papa akapunguza mwendo. Eish! Kurudi ni saa nzima na zaidi, kuja tena vilevile. Alimtazama mama kwenye kioo. Mama aliangalia miguu yake, nyufa zile za visigino ambazo viatu vilikuwa vizifiche. Akaanza kulia. Mdogo wangu, kwa kukosa la kufanya, akapuliza vuvuzela.

"Endesha," mama akasema.

"Na viatu?"

"Nimesema endesha, baba watoto!"

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na niliona heri gari lianguke kuliko kutembea uwanja wa ndege miguu mitupu. Lakini nilitembea. Kampa lilikuwa refu kwenda juu, halikuweza kupita chini ya chuma cha maegesho, kwa hiyo papa alitushusha mlangoni na kuendelea kuzunguka nje. Tuliingia watatu: mama na kitenge chake cha Pasaka na sufuria mkononi, mimi na ndizi, mdogo wangu na vuvuzela. Sakafu ilikuwa baridi. Walinzi walitutazama kuanzia chini.

Zilikuwa zimebaki dakika ishirini. Yaya alisimama kwenye foleni ya watu walioning'iniza shingoni mifuko ya hati zao za safari. Alimwona mama, akatazama uso, kisha miguu.

"Yaya, viatu ninavyo!" mama akapiga kelele kabla hata ya salamu. "Ninavyo, viko kwenye kituo cha mafuta!"

Yaya alicheka mpaka akajishika ukutani. Kisha wakakumbatiana, sufuria katikati, na sombe ikamwagikia wote wawili. Walikula wamekaa chini sakafuni, kwa mikono, wakilishana, hakuna aliyemaliza sentensi.

Wasafiri walipoitwa, yaya aliinama. Alikuwa amepewa na waliomsafirisha viatu vipya vyeupe vya safari na soksi nene za theluji. Alivua viatu, akaviweka mbele ya mama, vidole vikimwelekea mwenye zamu.

"Ni vyako, yaya! Huko iko baridi!"

"Haya, zamu yako," yaya akasema, na akaenda Kanada na soksi.