Manukato Yaliyopimwa kwa Sindano

Katika miaka ile ambayo watu waliiita miaka ya ruksa, bidhaa za nje ziliporuhusiwa tena, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Handeni, mwaka wa pili tangu nitoke chuoni, na nilikuwa na mchumba Korogwe. Posa ilikuwa imekubaliwa. Kilichobaki ni kupanga siku ya ndoa baada ya mavuno. Nayaandika haya kwa sababu ndoa hiyo niliivunja mwenyewe, kwa pua yangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaeleza watu sababu nyingine.

Mchumba wangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwa shangazi yake, jirani na stendi ya mabasi, na cherehani yake ilikuwa barazani, mahali ambapo kila apitaye humwona na kumsalimu. Kwao ni Mnyuzi, watu wa mahindi na machungwa. Nilipomfahamu alikuwa akishona sare za shule, na nilipenda kufikiri kwamba kazi yake na yangu zilikuwa kazi moja. Kisha mitumba ikaingia. Sare zikapungua, na kazi yake ikawa kupunguza suruali za watu wanene wa nchi nisizozijua ziwatoshe vijana wembamba wa Korogwe. Mimi nililiona hilo kuwa anguko. Yeye aliliona kuwa kazi.

Aliyemletea suruali hizo nilimjua. Tulianza naye chuo siku moja, tukalala vitanda vya jirani, na katikati ya mwaka wa pili akafunga sanduku lake akaondoka. Alituambia kwamba chaki haimpeleki mtu popote. Nilimjibu mbele ya bweni zima kuwa nchi haijengwi na wachuuzi. Walinipigia makofi. Sasa alikuwa na meza Segera, pale njia panda, ambapo mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam husimama. Aliuza redio, sabuni za harufu, miwani ya jua na mikanda, na alivaa viatu ambavyo mshahara wangu haukuwahi kuviota.

Nilikuwa nikimwonea wivu kabla ya jambo lolote kutokea. Wakati huo nisingekubali neno hilo. Nilisema ninamhurumia.

Siku moja ya Jumamosi lori lilinishusha Segera ili nitafute usafiri wa Korogwe. Aliniona kabla sijageuza uso.

“Mwalimu wa kujitegemea!” alipaza sauti, na wauza mahindi ya kuchoma wakageuka. “Bado hujajitegemea tu? Mbona umekonda?”

“Nakula ninachostahili,” nilimwambia.

“Basi unastahili kidogo sana, ndugu yangu.” Akacheka, akaja akanikumbatia kama zamani. “Jana nilikuwa Korogwe. Huyo mchumba wako ana mkono! Suruali thelathini kwa siku mbili. Muoe haraka, watu wana macho.”

Nilipokuwa ndani ya kumbatio lile, ndipo niliponusa. Haikuwa harufu ya manukato ya kiume niliyoyajua, yale mazito ya kutoka Tanga ambayo wazee hujipaka nyuma ya sikio. Haikuwa udi wala yasmini. Ilikuwa kama ndimu iliyokatwa sasa hivi, kisha tui la nazi, kisha kitu mfano wa chumvi iliyokauka juu ya ngozi. Ilikuwa nyepesi na yenye raha. Niliichukia palepale, maana ilinuka kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Baada ya saa moja na nusu nilikuwa Korogwe, kwenye baraza. Nilimwamkia shangazi, akaitikia, akaingia ndani kutuachia nafasi. Mchumba wangu akainuka kwenye cherehani, akanipa mkono, na ile harufu ikatoka kwake. Ndimu, nazi, chumvi.

Hapa sina budi kueleza jambo moja. Kwetu harufu ina jinsi yake. Mwanamume ana manukato yake na mwanamke ana yake, na hayachangiwi, kama vile mume asivyovaa kanga ya mkewe akaenda nayo msikitini. Wanawake wa kwetu, wakati wa kufukiza nguo, husema kwamba watu wawili wakinukia sawa wamelalia mkeka mmoja. Nililisikia neno hilo tangu utotoni. Chuoni nilifundishwa kupima madai kwa ushahidi, lakini kwa dai hili sikuona haja ya kupima chochote. Ushahidi ulikuwa puani.

“Mbona unanusanusa kama paka aliyesikia dagaa?” aliniuliza. Alikuwa akitabasamu. Sasa ninajua kwamba alikuwa akingoja nimsifu.

“Leo ulikwenda wapi?”

“Niende wapi na lundo lote hili? Tazama.”

“Na jana?”

“Jana vilevile. Mwalimu, umekuja kunisalimu au kuita mahudhurio?”

Nilikaa saa nzima nikinywa chai na kuhesabu mara ambazo upepo uliniletea ile harufu. Kila aliposogea kuchukua mkasi, nilimwona yule mchuuzi amesimama nyuma yake. Nilitazama shingo yake na kujiuliza ni upande upi yule mchuuzi aliuegemea. Nilikuwa na swali moja tu, na lilikuwa fupi: umeyapata wapi manukato hayo? Sikuliuliza. Nilijiambia kwamba mtu mwenye heshima haulizi mambo ya namna hiyo. Ukweli ni kwamba niliogopa asije akanijibu vizuri, nikabaki na wivu usio na pa kukaa.

Nikarudi Handeni. Kwa majuma matatu niliwafundisha watoto uaminifu na utu kwa ukali ambao sikuwahi kuwa nao. Niliwahi kumtoa darasani mtoto wa wafugaji kwa sababu nguo zake zilinuka moshi na maziwa. Nilipoona jinsi alivyoniangalia, nilitoka nikamrudisha, lakini sikumwomba radhi. Maji yalikuwa ya shida mwaka ule, tulioga kwa kikombe, na mimi usiku na mchana nilikuwa ninanusa bahari ambayo haikuwepo.

Mwishowe nilimwendea mjomba wangu, aliyekuwa mshenga.

“Umemfumania?” aliniuliza.

“Hapana.”

“Kuna mtu amemwona?”

“Anatoa harufu ya mwanamume, mjomba. Ninamjua huyo mwanamume.”

Mjomba alikuna kidevu. “Neno hili nikilipeleka kwa baba yake, halirudi,” alisema. “Kwanza nenda kamwulize mwenyewe.”

Nilimwambia kwamba jambo la maadili haliulizwi pembeni, linawekwa mbele ya wazee. Nilisema hivyo hasa, na nilijisikia msafi.

Tulikwenda Mnyuzi siku ya Ijumaa, baada ya swala. Kwa desturi mposaji hakai katika kikao kama kile. Hubaki kwao, akangoja mshenga amletee habari. Mimi niling'ang'ania kwenda, kwa sababu nilitaka kumwona akikosa la kusema. Walitutandikia mkeka uwanjani. Alikuwepo baba yake, mzee mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi kwa makini, pamoja na mdogo wake, na yule shangazi wa Korogwe, ambaye alikuwa amefuatana na binti mwenyewe. Mchumba wangu alikaa mlangoni, amejifunika kanga.

“Tumekuja na neno, na neno lenyewe ni zito,” mjomba alianza.

“Litueni,” alisema baba yake.

Mjomba akalitua kwa adabu yote aliyokuwa nayo. Alipofika kwenye harufu ya mwanamume, shangazi alimkatiza.

“Hiyo harufu ya mwanamume ikoje? Ya jasho? Kama ni ya jasho, wote mnayo.”

“Mwache aseme,” mzee alimwambia dada yake.

“Aseme mwenyewe mwalimu. Ndiye mwenye pua.”

Nikasema. Nilieleza ndimu, nikaeleza nazi na chumvi, kwa mpangilio, kama ninayeeleza sehemu za ua ubaoni. Nilieleza kumbatio la Segera. Nilimaliza. Kisha mzee akainua ukosi wa kanzu yake, akaunusa, akainama kunielekea.

“Kama hii?”

Nilikuwa nimekaa hatua nne kutoka kwake, na upepo ulikuwa ukitoka upande wangu. Nilisogea. Ilikuwa ileile.

“Si nilikwambia, kaka!” mdogo wake alidakia. “Nilikwambia hiyo ina spiriti, haifai kuswalia. Umeona sasa? Imetuletea mashitaka.”

“Basi kaka yangu naye mshitakini,” alisema shangazi. “Na mimi pia. Na yule mama wa maandazi pale stendi, na dereva wa Lushoto. Korogwe nzima tumelala mkeka mmoja!” Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mjomba wangu, Mungu amrehemu, akacheka pia.

Ndipo nikafahamishwa. Chupa ilikuwa moja. Hapakuwa na mtu stendi aliyeweza kuimudu nzima, hivyo mchuuzi aliigawa kwa bomba la sindano katika vile vichupa vidogo vinavyobaki baada ya dawa, kila mtu na cha kwake. Mchumba wangu alipewa vitatu kwa zile suruali thelathini. Kimoja alimpa shangazi, kimoja akampelekea baba yake cha kutokea Ijumaa, kimoja akabaki nacho. Na kwa kuwa alipenda picha, aliomba boksi tupu la chupa.

Alilileta mwenyewe kutoka ndani, akaliweka mbele yangu.

“Soma, mwalimu,” alisema baba yake, bila kejeli yoyote. “Sisi hatukijui Kizungu. Wewe ndiye uliyesomeshwa.”

Nikasoma, kisha nikawatafsiria kwa sauti. Ni manukato ya siku za jua. Ni ya wanaume na wanawake. Sikuruka neno, maana huo ndio uadilifu uliokuwa umebaki mikononi mwangu. Juu ya maandishi kulikuwa na picha ya mchanga mweupe, mwavuli wa milia, na viti viwili vya kulalia vinavyotazama maji. Vilikuwa vitupu.

Shangazi aliacha kucheka, akamshika binti mkono, wakaingia ndani, kwa sababu baada ya shitaka la namna ile mwanamke huulizwa upya kama bado anaitaka posa. Hawakukaa sana. Shangazi ndiye aliyepaswa kuleta jibu, lakini alitoka mchumba wangu.

“Nimeomba niseme mwenyewe,” alimwambia baba yake, naye akaitikia kwa kichwa. Akanigeukia. “Nimefika Tanga mara nne. Mara tatu nilipeleka machungwa na mara moja nilimpeleka mama hospitali. Bahari nimeiona ya kupita. Sijawahi kukaa tu, nikaiangalia. Nilipoyanusa yale manukato nilijiona nimekaa. Siku uliyokuja nilikuwa nimejipaka kwa ajili yako, nikitaka nikwambie hilo. Ukaniuliza nilikwenda wapi.”

Nilifungua kinywa kuomba radhi, na nadhani niliiomba. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye boksi, kwenye kile kiti cha pili. Nilitaka kujua alipojiona amekaa, nani alikuwa amekaa pale. Wazee walikuwa wakinisikiliza, na mimi moyoni nilikuwa nimeanza upya kumshuku, safari hii kwa kiti cha kuchorwa. Hata hilo sikumwuliza. Yeye alifuata macho yangu, akaona yanatazama nini, na nafikiri alielewa.

“Hapana,” alisema. “Mwambieni arudi kwao salama.”

Mzee alituombea dua ya safari. Walitufungashia machungwa, kwa sababu ni watu wa heshima, na mjomba akayabeba, maana mimi sikuweza kuyapokea. Tulitembea kandokando ya reli kuelekea barabarani. Yule mchuuzi hakumwoa, wala sidhani kama aliwahi kufikiri jambo hilo. Lakini siku ile, katika mwendo wote ule, nilikuwa nikitamani kwa nguvu zangu zote angekuwa na hatia. Ningekuwa na mtu wa kumchukia, na ningerudi Handeni nikiwa niliyedhulumiwa.

“Jumatatu unaanza na kipindi gani?” mjomba aliniuliza, ili tu tusinyamaze.

“Siasa,” nilimjibu. “Darasa la sita.”

Alimenya chungwa, akanipa nusu, na safari hii nikapokea.