Geti Lilifunguka

Mama yake kule Kamachumu husema huyu mtoto alizaliwa amekunja ndita, na Kokushubila mwenyewe hakatai. Amepanga Goba, huko vilimani ambako mvua ikinyesha bodaboda wanakataa abiria, na kila asubuhi huteremka kwenda Mikocheni, kwenye karakana ya Godlisten inayotengeneza vitasa vya umeme vya mageti, vile vinavyolitelezesha geti ukibonyeza rimoti. Kazi yake haionekani kwa macho. Ndani ya kila kitasa mna kikompyuta kidogo, na yeye ndiye anayeandika yale maelekezo ya chini kabisa, yanayoamka kwanza umeme ukiingia. Wenyewe wanayaita kerneli. Majirani wakimuuliza anafanya kazi gani anawajibu, "Natengeneza vitasa," mazungumzo yanaishia hapo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Kila kitasa lazima kijitungie siri yake, namba ndefu inayojulikana na kitasa hicho na rimoti zake tu. Namba hiyo isiwe ya kuotea. Shida ni kwamba kompyuta ni mtiifu kupita kiasi. Ukiiambia itaje namba yoyote, itataja ileile ya jana, na mwenzake wa pembeni atataja hiyohiyo. Kompyuta ya ofisini ina nafuu, kuna mtu anabonyeza, anakosea, anafuta, na vurugu zake zinachanganya namba. Kitasa kilichopigiliwa getini hakina mtu. Kina saa mbili tu tumboni, moja ya mbio na moja ya taratibu, na Mungu mkubwa, hazipatani. Kila ile ya taratibu inapogonga, ukiisoma ya mbio unakuta tarakimu zake za mwisho zimeyumba kidogo, safari hii hivi, safari ijayo vile. Koku aliiandika kerneli yake itulie kwanza, iokote mayumbo hayo mamoja mamoja mpaka yatoshe, ndipo itunge siri. Shughuli hiyo ilichukua kama nusu dakika.

Nusu dakika! Godlisten hakuitaka hata kuisikia.

"Koku, mteja anawasha kitasa, kinakaa kimezubaa. Ataniambia nimemuuzia kibovu."

"Kinakusanya namba za nasibu, bosi. Kikikurupuka, vitasa vyote vitatunga siri moja."

"Za nasibu?" Godlisten akawageukia mafundi, meno nje. "Mie ni mzee wa kanisa, dada yangu. Kampuni yangu haichezi bahati nasibu."

Mafundi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Koku alitamani kurusha kikombe. Akaishia kukibamiza mezani, chai ikamwagikia bodi mbili, na akalaumiwa kwa hilo pia.

Kisha shangazi yake akafariki, akaenda Kamachumu kuzika. Kabla hajamaliza matanga, Godlisten akaiondoa ile nusu dakika kwa mkono wake mwenyewe. Akajaribu vitasa juu ya meza ya karakana, kimoja kimoja, kila kimoja kimechomekwa kibodi na waya wa mtandao, mafundi wanabonyezabonyeza. Namba zikatoka tofauti. Akasifu Bwana, akafunga maboksi.

Mzigo ule ukaenda mtaa mmoja wa Mbweni. Mafundi walifika umeme umekatika, wakashukuru, maana fundi gani wa Dar anapenda kuunga waya zenye moto? Wakafunga vitasa nyumba baada ya nyumba, wakakaa kivulini kusubiri. Umeme uliporudi watoto wakashangilia mtaa mzima, na vitasa vyote vikaamka kwa mpigo, kwa mara ya kwanza tangu vizaliwe, bila kibodi wala mtandao. Vyote vikatunga siri moja. Rimoti ya huyu ikawa ya yule. Walinzi ndio waliogundua kwanza kwamba mageti yana vituko. Wakaambiana wao kwa wao, wakasema, nani atamsikiliza mlinzi?

Koku aliporudi kazini alimkuta Godlisten amekalia meza, anasimulia kwa kicheko.

"Mlinzi wa Mbweni huyo, anaitwa Kasimiri. Kawafungulia wezi mchana kweupe, wamebeba pampu ya maji, mitungi ya gesi, runinga. Wamemkamata. Unajua anajitetea vipi? Eti, 'Mie nilikuwa nyuma nafagia, geti lilifunguka!' Lilifunguka! Geti halifunguki, jamani, geti linafunguliwa!"

Wote wakaangua kicheko. Koku hakucheka.

"Bosi, ile nusu dakika yangu ipo?"

Godlisten akateremka mezani.

"Nakuuliza wewe! Ipo au umeitoa?"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Mtu yuko ndani kwa sababu yako! Amesema geti lilifunguka, na kweli lilifunguka. Kiswahili chake kimenyooka, nyie ndio mmekipinda!"

Godlisten akamvuta pembeni, akaanza kusema kwa upole ule wa kukera. "Koku, mlinzi ni mlinzi. Akitoka atapata lindo jingine. Mie nina oda ya mtaa mwingine mzima. Usinitilie mchanga kitumbua changu."

"Kitumbua chako kimekaangwa kwa mafuta ya mtu," Koku akamjibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Njia nzima alikuwa akisema peke yake. Ndiyo dunia yetu hii, kamba hukatikia pembamba. Anakosea mwenye kiyoyozi, analala sakafuni mwenye kirungu!

Alikwenda moja kwa moja Mbweni, kwenye nyumba iliyoibiwa. Mwenye nyumba, Mzee Gaspar, alikuwa barazani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama umekuja kumwombea Kasimiri, rudi ulikotoka. Miaka yote nimemlisha, kumbe nafuga nyoka."

"Sikuja kuomba, mzee. Naomba tu usimame hapo ulipo, ulitazame geti lako."

Akavuka barabara mpaka nyumba inayotazamana na ile, akabisha. Akatoka dada mmoja, Zuena, mikono ina unga. Koku akamwomba alete rimoti ya geti lake, abonyeze. Zuena akamshangaa, akajifuta mikono kwenye kanga, akabonyeza. Geti lake likaguna, likaanza kuteleza. Na ng'ambo ya barabara, geti la Mzee Gaspar nalo likaguna, likateleza taratibu mpaka mwisho, na mzee akabaki amesimama barazani anaonekana mzimamzima kutoka barabarani.

"Yarabi!" Zuena akaiangusha rimoti. "Siku ile ya wizi nilitoka mchana kwenda sokoni. Nilifungua, nikafunga, nikaenda zangu. Kama la mzee halikujifunga sawasawa, likabaki wazi... Kumbe ni mie!"

"Si wewe, dada. Ni mtu aliyeona nusu dakika ni nyingi." Koku akaiokota rimoti, akambonyezea Mzee Gaspar tena. Na tena. Alijua imetosha. Kidole kilikataa kuacha. "Kasimiri amewaambia mara ngapi?" akapiga kelele kutoka ng'ambo. "Mara ngapi, mzee?"

Mzee Gaspar akaingia ndani kuchukua kofia yake.

Kwenye kituo cha polisi Koku na mzee walimkuta Godlisten ameshafika. Zuena alikuwa amempigia kumtukana, kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi la kitasa, naye akaona bora awahi. Alikuwa amevaa tai. Mzee Gaspar akaongea na afande, akaeleza, akafuta malalamiko yake, na baada ya kusubirishwa sana Kasimiri akatolewa. Mtu wa makamo, mfupi, Mmakonde wa Newala, suruali anaishika kiunoni kwa mkono mmoja kwa kukosa mkanda. Mkono wa pili, wa kulia, ule anaochongea vinyago siku zake za mapumziko, ulikuwa umevimba, vidole havikunjiki.

Mzee Gaspar akamshika bega. "Kasimiri, yameisha. Nimekusamehe. Jumatatu rudi kazini."

"Sote tumekusamehe, mzee wangu," Godlisten akadakia, akitabasamu. "Mambo ya mitambo haya."

Damu ilimpanda Koku mpaka masikioni. Akafungua mdomo awapasulie hapohapo mbele ya afande, lakini Kasimiri alimtangulia, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeulizia njia.

"Mmenisamehe kosa gani?"

Godlisten akarekebisha tai. Mzee Gaspar akakohoa. Kasimiri alikuwa akingoja jibu kweli, anamtazama mmoja, anamtazama mwingine.

"Basi msijisumbue sasa hivi," Kasimiri akasema. "Mkilikumbuka, mje mniambie nyumbani. Kwangu si mnapajua?"

Mzee Gaspar, aliyelindwa na mtu huyu tangu nyumba ikiwa msingi, akatazama chini. Hakupajua.