Kamera Mbili na Kilima cha Ng'ambo

Nilikwenda Bunyakiri kwa sababu jirani yangu wa hapa Ibanda, mjini Bukavu, Maman Noëlla, hakuwa na picha hata moja ya baba yake. Picha za familia zilibaki katika nyumba waliyoikimbia miaka saba iliyopita wakati wa vita, kwenye kilima kinachoangaliana na senta ya Bunyakiri. Walitoka mbio, kila mtu na alichokuwa ameshika, na hakuna aliyekuwa ameshika albamu. Tangu hapo muzee alikaa upande huu wa bonde, kwa mpwa wake, na hakuna wa familia aliyevuka tena. Sasa tumbo lake lilikuwa limejaa maji, na ujumbe wa simu ulisema hawezi tena kula. Maman Noëlla mwenyewe alikuwa amepasuliwa kujifungua siku tisa kabla. Barabara ile haifai mtu mwenye mshono.

"Papa Deo," aliniambia, mtoto akinyonya, "mutu akikufa bila foto, tutaweka nini mbele ya batu? Maua peke yake?"

"Nitakuletea sura yake."

"Na kaburi ya mama. Iko kule ng'ambo, chini ya miti tatu ya avoka. Ile mashine yako inaonaka mbali, si vile? Siku njia itafunguka nitamutilia simenti na musalaba ya kweli. Nataka tu nione kama ule wa mbao ungali."

Mimi si mpiga picha wa shule. Kazi yangu ni kurekebisha mashine za ofisi. Picha nilijifunza kwa vitabu vya maelekezo na kwa kuharibu. Nina kamera mbili ndogo, na kwa miezi kadhaa nilikuwa nikizipima nijue ipi ya kubaki nayo, maana mahali ambapo umeme unakuja unavyotaka, kamera mbili ni betri nne za kufikiria. Ile nyeusi haivuti kabisa. Ukitaka mtu awe karibu, unamkaribia kwa miguu. Lakini lenzi yake inapokea mwanga mwingi, na katika chumba chenye mshumaa mmoja inatoa uso unaosomeka. Ile ya kijivu inavuta mara thelathini. Kutoka kwenye rasi niliwahi kupiga mvuvi katikati ya ziwa nikahesabu vidole vyake. Ndani ya nyumba, hata hivyo, picha zake hujaa punje kama sembe iliyomwagika. Kwa agizo la Maman Noëlla, moja haikutosha. Nilizifunga zote mbili kwenye mifuko ya plastiki.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka na Bahati, mwendesha pikipiki ambaye ana watoto sita na anajua kila shimo hadi Hombo. Mvua ilikuwa imekatika saa moja tu kabla. Hadi Miti tulikwenda vizuri. Pale barabara zinaachana: ya kulia inashuka Katana, hospitalini na ziwani, ya kushoto inapanda msituni. Bahati alisimama, akafunga viatu vyake kwa raba za tairi, akaniuliza nina nini kwenye begi.

"Kamera mbili."

"Mbili? Papa, moja ya kupiga, na ya pili ya kupigisha siye?"

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshafikiria jambo hilohilo.

Msituni tulikwenda kwa muda wa saa mbili na nusu. Ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba Bahati aliendesha akifuata alama za magurudumu ya lori lililotangulia. Tulilikuta limelala ubavu, mifuko ya makaa imepasuka, na watu wake wakiota moto wa bidhaa yao wenyewe. Tuliwasalimu tukapita.

Saa tano tulifika kwenye kizuizi: mti uliolazwa juu ya mapipa mawili na watu wanne wenye bunduki. Sikuuliza ni wa nani. Kwenye barabara ile swali hilo haliulizwi na mtu mwenye begi. Mkubwa wao, aliyevaa kofia ya sufu, aliishika ile ya kijivu, akaona lenzi ikijitokeza, akaipeleka mbali na uso wake.

"Hii inavuta mpaka wapi?"

"Mbali kidogo, chef."

"Kidogo ni wapi? Unaenda kupiga nani?"

"Muzee mugonjwa. Mutoto wake amenituma."

Aliitazama ile nyeusi, akaona haijitokezi popote, akanirudishia. Ile ya kijivu alikaa nayo dakika kumi. Mwishowe alisema, "Ukirudi unapitia hapa. Nitaangalia." Niliandika akilini: kwa safari za namna hii, kamera isiyoona mbali ni salama zaidi. Ndiyo tofauti ambayo hakuna kitabu cha maelekezo kinachoieleza.

Bunyakiri, saa saba kasoro. Muzee Anselme alikuwa kwa mpwa wake, Maman Sifa, katika nyumba ya mbao yenye dirisha moja. Maman Sifa ni mwanamke mfupi asiyekaa chini. Alituletea kasiksi, pombe yetu ya ndizi, katika kikombe cha plastiki. Alinywa yeye kwanza funda moja mbele yetu, akapangusa ukingo kwa kiganja, ndipo akanipa. Ni desturi hata kwetu Bukavu: anayekupa kinywaji anakionja kwanza, ili ujue hakupi kitu asichokijua. Nilikunywa bila kuwaza. Bahati alikunywa kwa niaba ya wote.

Muzee alikuwa ameketi kitandani akiegemea gunia la maharagwe. Mikono ilikuwa imekwisha, tumbo limemtangulia, lakini macho yalikuwa mazima.

"Weye njo mutu wa foto?"

"Njo mimi, Muzee."

"Noëlla amekutuma juu ya foto ya kilio."

"Papa, usiseme vile!" Maman Sifa alisema.

"Niseme aje? Mutu atoke Bukavu na ile matope yote, akuye kunipiga foto ya ndoa?" Alikohoa, au alicheka, vilifanana. "Sikatae. Lakini sipigwe nikilala. Wa kulala ni maiti. Sifa, leta wembe na ile koti."

Maman Sifa alimnyoa polepole, akamvika koti la kijivu ambalo sasa lingeweza kuwatosha wawili kama yeye. Chumba kilikuwa na giza la mchana. Nilitumia ile nyeusi, lenzi wazi kabisa, mwanga ukiingia kwa moja ya kumi na tano ya sekunde, viwiko vyangu juu ya kiti ili nisitikisike. Ilifanya kazi yake: kila kunyanzi lilionekana. Kwa kulinganisha nilipiga mbili kwa ile ya kijivu, nikazifuta papo hapo. Tatizo lilikuwa jingine. Kila nilipoinua kamera, muzee alikaza taya na kutoa uso wa kitambulisho, uso wa mtu anayesimama mbele ya ofisa. Nilipiga kumi na mbili. Hakuna hata moja ambayo Maman Noëlla angesema huyu ni papa.

Saa kumi mawingu yalifunguka. Kutoka mlangoni kilima cha ng'ambo kilionekana chote, kijani kibichi, chini yake mto ambao watu wa pale wanauteremkia kuteka maji lakini hawauvuki. Niliweka ile ya kijivu juu ya kigoda, nikaikaza kwa mawe mawili, nikaanza kuvuta. Muzee aliomba abebwe hadi kizingitini. Bahati alimbeba kama mtoto, akamketisha kwenye kiti cha magogo.

"Miaka saba naangalia ile kilima," alisema, "naona tu majani. Ile mashine itanionyesha?"

"Itakuonyesha."

Nilitafuta miti ya avoka, nikaipata, nikavuta hadi mwisho. Wingu lilipita, kioo cha kamera kikawa cheupe. Nilibonyeza picha tatu wingu lilipoachia, nikachagua ya mwisho, na bila kuitazama vizuri nikaigeuza kamera upande wake. Nilidhani ni heshima. Ni kwake, ni mkewe, mkubwa aanze.

Aliinama juu ya kile kioo kidogo. Alikaa hivyo muda mrefu kiasi kwamba nilifikiri haoni.

"Miti iko mbili," alisema.

Baadaye kidogo: "Banapika."

Ndipo nikasogea nikaangalia. Chini ya miti palikuwa na paa la mabati mapya, na moshi. Nguo zilianikwa kwenye kamba. Kati ya nyumba na mti wa pili, mahali ambapo Maman Noëlla alikuwa amenieleza kwa hatua na kwa kidole, ardhi ilikuwa imelimwa, na maharagwe yalisimama kwa mistari iliyonyooka. Hapakuwa na msalaba. Hapakuwa hata na mwinuko.

"Juu ya Justina," muzee alisema. Justina ndilo jina la mkewe. "Vuta zaidi."

"Imefika mwisho, Muzee."

Aliinua kichwa akakitazama kilima kwa macho yake mwenyewe, ambako kulikuwa na majani tu. Ile nyeusi ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Niliiinua nikabonyeza mara moja. Hakugeuka. Sijui kama alisikia. Ni picha ambayo sikumwomba ruhusa, na ndiyo pekee iliyokuwa na mtu ndani yake.

Kabla hatujalala aliniita. "Noëlla asisikie hii mbele mushono haiyapona. Kisha, umuambie. Asitume mutu na simenti akufe bure kule."

"Nitamwambia, Muzee."

"Weye mwenyewe. Si telefoni."

Jumapili, saa tatu, kwenye kizuizi. Mkubwa wa kofia ya sufu hakuwa amesahau. Aliwasha ile ya kijivu, akaona kilima, paa, nguo kwenye kamba.

"Nani amekutuma kupiga hii nyumba?"

"Ni kaburi ya muke ya muzee, chef."

"Mimi naona nyumba. Futa. Zote."

Nilifuta moja baada ya nyingine, yeye akihesabu kwa sauti juu ya bega langu. Kisha akadai ile nyeusi. Alipitisha picha kumi na mbili za uso wa kitambulisho haraka, akafika ya kumi na tatu, akasimama.

"Njo yeye?"

"Njo yeye."

"Huyu amebakiza siku kidogo," alisema kwa sauti ya kawaida, akanirudishia kamera na kuinua mti.

Njia nzima ya msituni Bahati hakutania. Tulipofika Miti alisema tu, "Ile ya kumi na tatu, umupe ile."

Bukavu, jioni. Niliichapisha, nikampa ile. Maman Noëlla aliishika kwa mikono miwili, akalia, akasema, "Huyu njo papa." Halafu akauliza, "Alikuwa anaangalia nini?"

"Kwenu. Alikuwa mlangoni anaangalia kwenu."

"Na kaburi?"

"Zile walinifutisha kwenye kizuizi."

Yote mawili yalikuwa kweli. Muzee alikufa siku ya kumi na moja baada ya hapo, akazikwa Bunyakiri, upande huu wa mto. Hapa Ibanda kilio kilifanyika bila sanduku. Picha ndiyo iliyokaa mahali pake, juu ya kiti chenye kitambaa cheupe, na watu walipita mmoja mmoja wakisimama mbele yake. Mama mmoja wa kanisa alisema papa anaonekana kama anasali. Wengine waliitikia. Mimi nilikuwa nyuma, nikipiga wageni kwa ile nyeusi kama nilivyoombwa.

Wiki sita baadaye Maman Noëlla aliniita uani. Alikuwa anatembea wima tena. Karibu na jiko palikuwa na msalaba wa simenti, mpya, jina la Justina limechorwa kwa msumari kabla simenti haijakauka. Fundi alikuwa amemaliza asubuhi hiyo. Mtu wa lori alikuwa ameahidi kuufikisha hadi Bunyakiri, na vijana wawili wa kule walikuwa wamekubali kuvuka nao.

Nilimwambia pale pale, kwa mpangilio: miti miwili, paa, moshi, mistari ya maharagwe. Nilimweleza pia maneno ya baba yake juu ya mshono. Alisikiliza hadi mwisho.

"Papa aliiona?"

"Aliiona. Mimi ndiye niliyemwonyesha."

"Na ile sura ya foto, njo saa alikuwa anaona ile?"

"Ndiyo."

"Batu wote walipita mbele ya ile sura," alisema. Kisha akaingia ndani, akawapigia wale vijana simu wasivuke. Nilimsikia akirudia mara mbili, "Hapana, mubaki." Msalaba haukwenda. Mpaka leo umeegemea ukuta wa jiko, na picha ingali sebuleni, hakuiondoa.

Nimebaki na kamera zote mbili. Ile nyeusi ninaitumia karibu kila siku. Ya kijivu bado inaona mbali kuliko yoyote niliyowahi kushika, na sina lawama nayo; ilifanya nilichoiomba. Lakini siku hizi mtu akiniomba nimvutie kitu cha mbali, ninageuka, ninakitazama kwanza peke yangu hadi nikijue, ndipo ninampa kioo. Maman Sifa alikionja kile kikombe kabla ya kunipa. Mimi nilimpa muzee bila kuonja.