Nailoni ya Mzee Kang

Mvua ya Keelung, mji wa bandari wa Taiwan, haina adabu. Inaingia kwenye viatu, kwenye mchele, kwenye siti za magari, na ndiyo inayomlisha Pi-hsia. Karakana yake iko chini ya daraja la barabara kuu, na kazi yake ni moja tu: kusafisha ngozi ndani ya magari ya watu na kuipaka mafuta isipasuke. Ukimwomba akuoshee na matairi, atakutazama kama uliyemwomba akukate kucha.

Zamani alikuwa mshonaji wa mikoba, mpaka kiwanda kilipohamia ng'ambo. Mikono ikabaki na ujuzi wa ngozi, mdomo ukabaki na maneno, na wateja wanamfuata kwa yote mawili.

Jumatano moja alikuja Mzee Kang, fundi mstaafu wa matishari ya bandarini. Aliegesha gari, akabaki ameshika usukani kwa aibu. Pi-hsia alipofungua mlango, harufu ilimpiga usoni.

"Mzee, umeficha maiti humu?"

"Acha utani, dada. Ni nailoni."

Na kweli ilikuwa nailoni. Siti zote bado zilikuwa zimevaa nailoni ya kiwandani, ile inayopaswa kuvuliwa siku ya kukabidhiwa ufunguo. Lakini pale Keelung nusu ya mji hawaivui. Kitu kizuri hufunikwa ili kibaki kipya. Ngozi ya Mzee Kang ilikuwa nyeupe ya maziwa na roho yake haikukubali kuiacha wazi. Miaka ikapita, unyevu ukaingia ukakosa pa kutokea, na ukungu ukajijengea makazi humo ndani kwa raha zake.

"Mke wangu kagoma," alisema Mzee Kang. "Jumamosi tunakwenda Yilan kwa mwanetu, kuna sherehe, mjukuu anatimiza mwezi tangu azaliwe. Mayai mekundu ya kugawia watu yapo, wali wa mafuta anapika mwenyewe. Sasa anasema atapanda treni na vyakula vyake, mimi nije peke yangu na harufu yangu."

"Ana haki."

"Najua ana haki! Ndiyo maana nimekuja. Dada, Su-luan akisema hapandi, hapandi tena maisha. Gari nimelinunua kwa ajili yake. Nitamwendesha nani?"

Pi-hsia alimwonea huruma, na kwa kuwa huwa hapendi ionekane, alimfukuza. "Toka nje. Kaa pale kwenye benchi, usiniguse kitu."

Alianza kubandua nailoni polepole kwa kuwa ilikuwa imegandana na ngozi. Siti ya dereva ilikuwa na madoa ya kijivu, za nyuma hazitamaniki. Lakini alipofika siti ya abiria wa mbele, alisita. Nailoni ya pale ilikuwa imekatwa upande wa mlango, juu mpaka chini, kwa mkasi mkali wa mtu anayejua kushona, kisha ikabandikwa kwa utepe wa gundi. Ule utepe ulikuwa umebanduliwa na kurudishwa mara nyingi hata umechakaa. Chini yake ngozi ilikuwa safi, laini, haina doa.

"Mzee, hebu njoo. Hapa anakaa nani?"

Mzee Kang alitazama ule mkato. Akatazama tena. Halafu akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Huyu mwanamke! Kila nikishuka kununua maandazi ya nyama, nikirudi namkuta anatabasamu. Nilidhani ananifurahia mimi, kumbe anaipapasa ngozi!"

Wakati huohuo Chin-tu, mume wa Pi-hsia, aliingia na tambi za mchana. Akaona lundo la nailoni sakafuni. "Lo, hii ni sawasawa na ya kochi let—"

"Weka chakula, uende zako," alisema Pi-hsia.

Kazi ikaendelea mpaka Ijumaa. Alivuta vumbi kwenye mishono, akasugua ukungu kwa brashi laini na povu kidogo, sehemu ndogo ndogo, akafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, maana ngozi haipendi kuogeshwa. Akaikausha kwa feni. Mwisho akapaka mafuta, safu nyembamba, akizungusha vidole huku anaimba vibaya. Harufu ikaondoka, na weupe wa maziwa ukarudi.

Jumamosi asubuhi wakaja wote wawili. Su-luan alibeba kikapu cha mayai, uso umekunjwa. Mzee Kang alikuwa na jora jipya la nailoni kwapani.

"Kidogo tu," alisema. "Mafuta ya wali yanaweza kumwagika..."

Pi-hsia nusura amrushie brashi. Lakini Su-luan alimpita mumewe na kikapu chake. Alifungua mlango, akanusa, akavua viatu, akakaa. Akalaza viganja viwili juu ya ngozi mbele ya macho ya mumewe, waziwazi kwa mara ya kwanza.

"Kang," alisema, "endesha."

Mzee alimtazama mkewe, akalitazama jora. Akamkabidhi Pi-hsia. "Dada, nitupie hili." Wakaondoka madirisha wazi, bahati nzuri mvua ilikuwa imepumzika.

Jioni Pi-hsia alirudi nyumbani, furaha ya wale wawili bado imemkaa moyoni. Chin-tu alikuwa kwenye kistuli chake cha kila siku, anatazama besiboli. Nyuma yake lilikuwepo kochi la ngozi waliloletewa na binti yao, bado limevaa nailoni, linasubiri wageni. Pi-hsia alisimama akilitazama, akajionea aibu. Akachukua mkasi.

"Nani anakuja?" Chin-tu aliuliza kwa wasiwasi.

"Hakuna anayekuja. Inuka kwenye hicho kistuli."

Nailoni ilipovuliwa, Chin-tu alikaa kwanza ukingoni mwa kochi, halafu akaegemea kidogo kidogo, mpaka mgongo wote ukafika.

"Kumbe ni laini," alisema.

Pi-hsia aliweka mkasi chini. Akasogeza nailoni kwa mguu, akaketi karibu yake.