Ngoma ya uwani iliyopelekwa Paje bila ya mwenyewe

Saa tisa alasiri, uwani kwa Bi Sichana, mtaa wa Mkunazini, moshi wa makuti makavu unapanda na ukuta. Bi Time Simai amechutama mbele ya moto, kanga kaifunga kiunoni, anaugeuza msondo wake kama mtu anayechoma muhogo. Anaugonga kwa kidole, anasikiliza, anasonya.

"Bado huyu, kanuna," anasema. "Ngozi ikinuna hulazimishi, mwanangu. Unaibembeleza."

Msondo ni ngoma ndefu inayomfika Bi Time kifuani. Ana miaka 61, na ameupiga tangu hajaolewa, baada ya kufundishwa na bibi yake mzaa mama huko Jang'ombe, anakoishi hadi leo. Humkuti kwenye matamasha wala kwenye mabango. Ngoma yake hupigwa ndani, siku chache kabla ya ndoa, wanawake peke yao, wakati biharusi anaposingwa, yaani kusuguliwa mwili kwa manukato, na kufundwa. Yanayoimbwa humo ni ya mke na mume, na mwanamume hayasikii. Wasichana wadogo hupelekwa kwa jirani mpaka shughuli imalizike.

Leo pembeni ya mlango pana kapu la ukindu. Kila mgeni anayeingia anatia simu yake humo, hata mama yake biharusi. Ya mwandishi wa makala haya imo pia, ingawa yeye ni mwanamume na ataondoka kabla ngoma haijaanza.

"Sina ugomvi na wewe," Bi Time anamwambia. "Nna ugomvi na hicho kidude chako."

Na ana haki. Mwaka jana, Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, katika uwa huu huu, alimfunda Khairat, binti mkubwa wa Bi Sichana. Msichana mmoja wa ukoo alificha simu katika mkunjo wa kanga, akarekodi ngoma nzima. Alimtumia shoga yake mmoja. Mmoja tu, anaapa na analia kila akilisema. Lakini shoga naye ana shoga yake.

Mwezi haukwisha. Bi Time alikuwa Darajani ananunua mchicha, akasikia sauti yake mwenyewe kwenye spika ya duka la simu, chini yake midundo ya kompyuta inatwanga, na vijana wawili mlangoni wanacheza.

"Nkajiuliza," anasema, "hivi mie nshakufa? Mbona sauti yangu inatembea na mie nimesimama hapa na mchicha mkononi? Kisha nkasikia jina la mtoto. Hapo ndo nkakaa chini, pale pale chini, mbele za watu."

Jina la mtoto ndilo lenye kidonda. Katika ngoma hii biharusi lazima aitwe. Mpiga msondo humwita kwa jina lake, na wanawake wote humwitikia kwa niaba yake. Asiyeitwa hahesabiwi kuwa kafundwa. Kwa hivyo jina la Khairat limo ndani ya rekodi ile tena na tena, likifuatwa na maneno ambayo gazeti hili halitayachapa, na mtengeneza muziki alipotafuta kiitikio alichagua nini? Alichagua hilo hilo.

Mwandishi alisita kulitaja jina hilo hapa. Khairat mwenyewe, mwenye miaka 24, ndiye aliyeruhusu.

"Andika," alisema, amekaa ngazini na mto mapajani. "Limeshaimbwa na kila mtu. Gazeti litaniongezea nini?"

Baada ya harusi alihamia Fumba kwa mumewe, Ayoub, fundi umeme kwenye nyumba mpya zinazojengwa huko, na akapata kazi ya ualimu wa chekechea. Aliipenda. Asubuhi moja mtoto wa miaka mitano aliingia darasani anaimba.

"Masikini, hajui anachokiimba. Ananitazama na kucheka, kafurahi, jina la mwalimu wake limo kwenye wimbo," anasema Khairat. "Nkamwambia kaa, nkasomesha mpaka saa sita. Siku ya pili sikurudi."

Ayoub naye, kazini, mafundi wenzake humpigia mluzi wa wimbo ule kila anapopita na ngazi yake. Siku moja alimkaba mmoja wao, wakaamuliwa. Nyumbani hajamtupia mkewe neno hata moja. Kaitoa redio tu, kaipeleka kwa kaka yake.

Basi ni nani aliyefanya haya? Wala hajajificha. Anaitwa Mudrik, ana studio yake Paje, na kila Jumapili huwapigia muziki watalii ufukweni, wanaposhuka kwenye maji na tiara zao za kuwavuta juu ya mawimbi. Wimbo wake umesikilizwa mtandaoni zaidi ya mara laki tatu. Mwandishi alimpigia simu. Hakukata, hakukasirika. Alizungumza kwa utaratibu kabisa, na hilo ndilo linaloudhi zaidi.

"Ngoma za kienyeji hazina mwenyewe, kaka," alisema. "Ni za sote. Mimi nimeipa uhai tu. Nani alikuwa anamjua yule bibi?"

Uhai! Kana kwamba ilikuwa maiti. Ngoma iliyofunda wanawake wa mji huu vizazi na vizazi, ikawatoa machozi na vicheko, ati ilikuwa inasubiri kijana mwenye kompyuta aje aipulizie pumzi. Na nani alikuwa anamjua Bi Time? Walimjua waliotakiwa kumjua. Kwa kazi yake hiyo ndiyo sifa.

Alipoulizwa kuhusu jina la Khairat, Mudrik alicheka kidogo. "Pale ndipo watu wanaporuka. Nikilitoa, wimbo umekufa."

Aliyekufa, kwa muda, alikuwa Bi Time. Mji haukumuuliza. Mji uliamua kuwa kauza. Sauti si yake? Msondo si wake? Basi kalipwa. Kabla ya hapo, msimu wa harusi ukiingia, alialikwa hata mara tatu kwa wiki, na kila ngoma alirudi na shilingi 100,000 mbali na tuzo za wageni. Tangu wimbo utoke, miezi minane, hakualikwa hata mara moja. Singo aliyokuwa akiiponda kwa liwa na karafuu ikamchachia ndani. Wanawake aliowafunda mwenyewe walimwona njiani wakavuka upande wa pili.

"Mla nawe hafi nawe," anasema. "Wengine nliwafunda mie, na binti zao nkawafunda mie. Siri zao zote nnazo hapa kifuani, sijapata kuitoa hata moja. Halafu waamini mie niende nkauze? Nkauze kwa nani? Kwa kijana kama yule, suruali haimkai kiunoni?"

Anacheka, kisha anajifuta macho kwa ncha ya kanga na kusingizia moshi.

Aliyebaki naye ni mmoja, Bi Mwanakhamis, mwenziwe anayepiga ngoma ndogo. Hao wawili walikwenda kwa chama kimoja cha wasanii kuomba msaada. Afisa aliyewapokea aliwapa viti na maji, akawasikiliza. Kisha akawaambia kuwa ili chama kisimamie kesi ni lazima kithibitishe wimbo ni wao, kwa hiyo walete rekodi nzima ya wimbo huo, na maneno yake yote yaliyoandikwa, ili yakasikilizwe na kamati.

"Nkamuuliza, kamati ina wanaume?" anasimulia Bi Mwanakhamis. "Akasema, wengi wao."

Bi Time alisimama. "Nkamwambia, baba, yaani nimeibiwa nguo, na ili niaminiwe kuwa nimeibiwa, nivue na zilobaki? Ahsante kwa maji."

Afisa huyo, aliyeomba asitajwe jina, anakubali kuwa mambo yalikwenda hivyo. Anasema taratibu ni taratibu, na kwamba hakuna anayewazuia akina mama hao kurudi siku yoyote wakiwa na rekodi. Hakuona la ajabu katika alichokisema, na hapo ndipo mtu anapotamani kupiga meza. Wapiga kinanda, waimbaji wa bendi, vijana wa studio, wote wana njia ya kulindwa kwa sababu kazi yao ni kusikika. Huyu ambaye kazi yake ni kusitiri, hana pa kwenda. Maadamu hajajianika, haki yake haionekani.

Mwezi uliopita, Jumapili, Bi Time aliamua kwenda mwenyewe. Alivaa buibui lake jeusi, akamchukua Bi Mwanakhamis, wakapanda gari mpaka Paje. Walifika baada ya sala ya alasiri. Walipita katikati ya watu waliovaa nguo za kuogea, wakitazama chini, mpaka kwenye meza ya Mudrik. Wimbo ulikuwa ukipigwa wakati huo huo.

"Nkamwambia, salamu alaykum. Mimi Time. Sauti hiyo yangu, na sitaki chochote kwako, sitaki hata senti yako. Toa jina la mtoto wa watu."

Mudrik alimtazama, akapunguza muziki. Bi Time akadhani kaelewa. Kijana akachukua maikrofoni, akamwekea mkono begani, akapaza sauti kwa Kiswahili na Kiingereza: mwenyewe huyu hapa, bibi mwenyewe, mpigieni makofi!

Wakapiga. Wageni wale, ambao hawakuwa na kosa, walipiga makofi na miluzi, wakanyanyua simu zao. Mwanamke mzima, aliyekwenda kulilia heshima ya biharusi wake, akafanywa sehemu ya burudani. Mudrik akamsogezea maikrofoni mdomoni ili aimbe kidogo.

Bi Time hakuimba. Aliutoa mkono ule begani kwake kama mtu anayejitoa mdudu, akasema kwa Kiswahili, maikrofoni ikiwa wazi: "Mwanangu, una mama? Mama yako aliitwa jina lake siku yake. Nenda kamuulize kama angependa kulisikia hapa." Kisha akageuka, wakaondoka.

Mudrik anasema hakumkosea adabu. Anasema alimpa jukwaa.

Wimbo haukuzimwa. Unapigwa hadi hii leo na jina limo vile vile. Lakini kati ya simu zilizonyanyuliwa siku ile ilikuwamo ya mhudumu mmoja wa mkahawani, mtoto wa Jambiani, naye akaisambaza picha ya video, Bi Time akikataa kuimba. Ilipofika mjini, wanawake waliokuwa wakivuka barabara waliona kwa macho yao kuwa Bi Time hakuuza kitu. Wa kwanza kubisha hodi Jang'ombe alikuwa Bi Sichana, mama yake Khairat, ambaye hakuwa amezungumza naye miezi yote ile.

"Nlimwangukia miguuni," anasema Bi Sichana bila ya kuficha. "Nlimdhania ubaya mtu aliyenishikia mwanangu. Nkamwambia, mdogo wa Khairat anaolewa Rajab hii. Ukikataa nnakuelewa, lakini simpeleki kwa mwengine."

Bi Time hakukataa, ila alitoa sharti: asimwite biharusi kwa jina. Atamwita "mwanangu" tu, mwanzo hadi mwisho. Hata kapu likijaa simu, alisema, huenda ikasalia moja. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye hawezi kumwaga mara ya pili katika nyumba ile ile.

Bi Sichana alikubali. Khairat alikubali. Hakuna aliyemuuliza biharusi.

Sasa moto umekwisha, msondo umekubali, na wageni wamejaa ndani. Pazia linafunguka, anatoka Salhiya mwenyewe, biharusi, miaka 21, singo imemkaukia mashavuni, dada yake Khairat nyuma yake akimvuta arudi ndani.

"Shikamoo, Bi Time."

"Marahaba. Ala! Biharusi unatoka nje na wanaume wapo?"

"Nimeambiwa hutoniita jina."

"Hutoitwa. Kwa salama yako."

"Basi mie nikae tu mule ndani napakwa manjano kama samaki?" anasema Salhiya, na machozi yanamtoka hapo hapo. "Mama kaitwa. Bibi kaitwa. Dada kaitwa. Mie ndo niwe mtoto wa kuokotwa? Kama huniiti, Bi Time, usinifunde kabisa. Chukua msondo wako uende."

Bi Mwanakhamis anatazama ngoma yake. Bi Time anamgeukia Khairat na anamuuliza kwa sauti ya chini: "Weye ndo uliyeungua. Unasemaje?"

Khairat anamfuta mdogo wake uso, singo inamganda vidoleni.

"Siku ile uliponiita," anasema, "nlifurahi. Kabla ya yote hayo, nlifurahi sana. Mwite."

Bi Time anainuka, magoti yanalia. Anaufunga msondo kiunoni kwa kanga, anavuta fundo mara mbili. Hasira iliyomkaa usoni alasiri nzima haijatoka, lakini imepata pa kwenda.

"Nitamwita," anasema. "Aliyekosa ni aliyeiba, si aliyeitwa. Na huyu nikishamwita, na ajaye baada yake ntamwita, na hao wa Jang'ombe walonialika baada ya Ramadhani nao ntawaita wote, mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mpaka nife. Yule wa Paje apige wimbo wake mpaka spika zipasuke, mie sifichi mtoto wa mtu kwa ajili yake."

Wanawake wanamwingiza biharusi ndani kwa vigelegele. Bi Time anafika mlangoni, anageuka, anamwona mwandishi bado kasimama uwani na kalamu yake.

"We! Bado upo? Chukua simu yako utoke, tena usibaki barazani, nenda mbali, kule sokoni, usisikie. Na ukiandika, andika nimemwita. Nilivyomwita, usiandike."