Kikohozi cha Baba Mkwe

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Kamaa, maana yeye huongeza chumvi mpaka mbuzi anafika Thika mjini: ni kweli, siku ya ruracio yangu, yaani siku ya kupeleka mahari, nilikimbiza mbuzi nikiwa ndani ya suti, wazee wa pande zote mbili wakiangalia, na kosa lilikuwa langu.

Mimi hupiga gitaa la besi. Hapa Kiuu hilo linajulikana, lakini kule Gatuanyaga kwa kina Nyambura, mchumba wangu, baba yake aliniuliza siku ya kwanza, "Gita ni kitu ya jioni. Asubuhi unafanyanga kazi gani?" Nikamjibu kwamba mimi ni fundi wa mitambo ya sauti (nusu kweli, kwa sababu mimi hubeba spika), naye akasema, "Haya, tutaona," kama mtu asiyetarajia kuona kitu. Basi nikaamua siku ya ruracio ataona. Nyambura alinionya, "Wewe siku hiyo kaa kwa kiti utulie," nikamwambia sawa, kisha gitaa nikalificha kwa buti ya gari ya mjomba.

Wenyeji walikuwa wamekodi amplifaya kubwa, spika mbili na mixer ndogo ya kuchanganya sauti, na mixer yenyewe ilikuwa imejaa maiki za wazee na kinanda cha Kamaa, rafiki yangu. Sasa, besi huingia kwanza kwenye DI, kile kisanduku cha chuma kinachotoshana na kipande cha sabuni ya kufulia, DI ikaingia kwenye mixer, na mixer ndiyo hupeleka sauti kwa amplifaya. Mwenye akili angeomba maiki moja itolewe. Mimi niliona haya kuomba, fundi mzima, nikachomoa waya wa mixer kwa upande wa spika moja, nikachomeka DI moja kwa moja kwenye amplifaya.

Nikapiga. Ikatoka sauti ya mbu. DI hushusha sauti iwe ndogo kama ya maiki ikitegemea mixer iipandishe, na amplifaya hungoja sauti iliyokwisha kupandishwa (haya nilikuwa nayajua, nimewahi hata kuwafundisha watu, ndiyo maana yananiuma). Badala ya kukubali yaishe, nikazungusha kinobo cha amplifaya cha upande ule hadi mwisho. Mbu akawa mbu mnono.

"Buda, hiyo besi imebaki Ruiru?" Kamaa akauliza.

Hapo nikaitwa kwa wazee, nikaliacha gitaa chini. Kwetu, kabla ya mazungumzo yoyote, hupelekwa wanyama wawili wazima, mwati na harika, yaani kondoo jike mchanga na mbuzi jike ambaye hajazaa, na bila hao hamna uchumba. Wangu walikuwa wamefungwa kwenye nguzo ya hema, karibu na spika ile ile. Kamaa naye, kwa wema wake, akaona besi haitumiki, akarudisha waya wa mixer mahali pake. Kinobo hakukigusa, angejuaje?

Baba Nyambura akasimama, akashika maiki, na kabla ya kusema neno akasafisha koo.

Kikohozi kile kilitoka kama lori linamwaga kokoto. Cucu mmoja, nyanya wa watu, alianguka na kiti chake akimwita Yesu. Kondoo alisimama tu, kondoo ni kondoo, lakini mbuzi alikata kamba, akapita katikati ya sufuria za wapishi na kutoka getini. Mzee kwa mshtuko akamwita Mungu, "Ngai!" maiki ikiwa bado mdomoni, na hiyo ndiyo iliyotawanya kuku wote wa boma.

Nilingoja vijana wa pale wamfuate. Mzee mmoja wa upande wao akasema polepole, "Hiyo mbuzi hatujapokea. Bado ni yenu." Wajomba wangu wote wakageuka kuniangalia mimi. Nikakimbia.

Nilimpata shamba la tatu, amenasa kwenye ua wa michongoma huku akitafuna maharagwe ya watu, nikamtoa kwa mikono, suruali ikapasuka gotini, na mtu wa boda akatuhurumia. Ndivyo nilivyorudi kwa wakwe, nyuma ya pikipiki, nimejaa vumbi, nimemkumbatia mbuzi, na simu zote zikinipiga picha.

Mzee alikuwa ameiweka maiki mbali. "Huyu ndiye fundi ya sauti?" Niliogopa, jamani, nilijua tunarudishwa nyumbani na wanyama wetu. Kisha akamwita binti yake mbele ya wazee, kama desturi inavyotaka, maana bila kibali chake hakuna ndoa, akamuuliza, "Nyambura, hawa watu unawajua? Tukule mbuzi zao?"

Nyambura aliniangalia kuanzia viatu, akafika gotini, akafika kwa yule mbuzi, wala hakuharakisha.

"Mkule, baba," akasema. "Si uliuliza asubuhi anafanyanga kazi gani? Umeona anaweza kuchunga."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na hema zima likageuka kuangalia spika.

Siku hizi DI yangu inaingia kwenye mixer, na ikiwa imejaa naomba nafasi bila haya. Mzee tunapatana sana. Ila nikiwa kwake akianza tu kusafisha koo, mimi huwa nimeshaamka kuangalia kama mbuzi wamefungwa.