Korongo wa Upande wa Wanawake

"Mama Nyamusi, umesikia?" Drusilla aliuliza hata kabla hajatua mtungi wake. "Mzee Obwocha amerudi kutoka Mara na macho mengine. Ameyaning'iniza kifuani kwa kamba! Kila asubuhi yuko mtoni. Unadhani anatafuta nini huko tunakoogea?"

"Labda samaki," Loice akasema.

"Samaki gani anayejipaka sabuni? Cheka tu. Sabato hii, tukitoka kanisani, wazee watamkalisha chini. Mtu wa rika la baba mkwe wako! Ikithibitika, atachinja mbuzi, na mtoni hatakanyaga tena."

Loice aliacha kucheka. Alichojua juu ya Obwocha ni kwamba tangu kabla ya Uhuru alikuwa akiongoza wageni kando ya mto Mara, kule kwenye hifadhi, akiwaonyesha viboko na ndege, hadi goti lilipomkatalia. Sasa alikuwa na mto huu tu wa nyumbani, ambao chifu alikataza miti yake isikatwe, kwa hiyo chai na migomba iliishia juu na kichaka kikafuata maji.

Kesho yake, mwanawe Nyamusi akiwa amelala mgongoni mwake, Loice alikuwa akikatia ndama nyasi karibu na jiwe jeupe la mpakani. Chini ya jiwe huoga wanaume. Juu yake, wanawake. Mwanamume akitaka kupita hukohoa, akangoja ajibiwe.

Obwocha akaja akichechemea. Akakohoa.

Loice alifungua kinywa ajibu, kisha akakifunga. Alitaka kuona.

Mzee akakohoa tena. Mwingine yeyote angeona hakuna mtu, akapita zake. Yeye alisimama palepale nyuma ya jiwe, akanyoosha shingo kuelekea kwenye matete, akashusha pumzi kama mtu aliyenyimwa chakula, akageuka aende.

"Tata," Loice akaita, kama amwitavyo baba mkwe wake, "unatafuta nini?"

Obwocha alishtuka, akainamisha macho chini kama inavyopasa mbele ya mke wa mwana. "Kumbe kuna mtu! Mbona hukujibu?"

"Nisamehe. Nilitaka kujua kama utapita."

"Nipite niende wapi, mwanangu? Huko ni kwenu."

Akavua darubini shingoni, lakini hakumkabidhi mkononi. Aliiweka juu ya jiwe, akarudi nyuma hatua kadhaa. Loice akaiokota. Akachungulia, na mto ukakimbilia mbali, mwembamba kama uzi.

"Ai! Umeupeleka wapi mto wetu?"

"Umeishika kinyume," mzee akasema, akizuia kicheko. "Igeuze. Haya, tazama ng'ambo, penye maji mafupi."

Korongo alikuwa amesimama pale, karibu kiasi kwamba Loice alirudisha kichwa nyuma. Taji lake la dhahabu lilitikisika kila alipomeza. Miaka yote aliyoteka maji hapa alikuwa amewaona korongo hawa kama mabaka ya kijivu, hajui kwamba shavu lao ni jeupe hivyo, wala kwamba wana kidoti chekundu kooni.

"Huyo yuko zamu ya kula," Obwocha akasema. "Mwenzake ameatamia kwenye matete yale, upande wenu. Namwona akiingia na kutoka, lakini kiota chenyewe sijakiona. Huko Mara niliwaonyesha wageni kila kitu. Hapa kwetu mwisho wangu ni jiwe hili."

Loice akakumbuka, akamwambia mzee, kwamba Drusilla alikuwa amenoa panga kwa ajili ya matete hayohayo, apate ya kusukia mikeka.

"Tata, Sabato watakuita. Nitasimama niseme nilichoona leo."

"Hayo nitajibu mwenyewe." Akapapasa goti. "Lakini kama kweli unataka kunisaidia, baki na hiyo darubini. Kila uendapo kuoga, niangalizie kama mayai yameanguliwa. Na umwombe huyo mwenzako wa panga angoje, makinda wajue kutembea kwanza."